Kidachi cha Taarifa za Kazi

Mhariri wa kitabu hiki cha ukumbusho amenitaka niandike habari za kale. Chama chetu Kikuu kina miaka kumi tu, na mambo ya miaka kumi kila mwanachama anayajua kama niyajuavyo mimi. Kwa hiyo nimeona heri nichukue swali ambalo nimeulizwa mara nyingi mwaka huu, njiani na hata msibani: Kwa nini makarani wetu hukaa ofisini jioni, taa ikiwaka, wakisoma Kidachi?

Nasema Kidachi kwa sababu ndivyo wazee wetu walivyosema. Jina hilo halikutoka mbali. Wajerumani hujiita Deutsch kwa lugha yao, na ulimi wa pwani ukalilainisha neno hilo hata likawa Mdachi, na nchi yao Udachi.

Jibu la karibu la swali hilo ni ghala letu. Kila mwanachama anajua kwamba ghala jipya la kahawa linajengwa kwa makato yetu wenyewe pamoja na msaada wa wanaushirika wenzetu wa Ujerumani, ambao hutoa fedha zao kwa mafungu, fungu moja baada ya taarifa moja. Taarifa zetu ziliandikwa kwa Kiingereza. Lakini mwaka juzi karani mmoja kijana, aliyekuwa amejifunza Kidachi kidogo kitabuni, aliona adabu kuambatisha barua fupi kwa lugha ya wenyeji wetu. Alitaka kusema kwamba paa linaezekwa. Aliandika kwamba paa limeezekwa. Wakati ule mafundi walikuwa wamekwisha kufunga lenta, na kenchi za kwanza ndiyo kwanza zinapandishwa. Barua ilifika, fungu la mabati likahesabiwa kuwa limekwisha kutumika vema, na fungu la kazi ya ndani likatumwa. Miezi miwili baadaye akaja mgeni kutoka huko, akasimama katikati ya ghala, akatazama juu, akaona mawingu.

Yaliyofuata hayahitaji kusimuliwa kirefu. Fedha zilizuiwa mpaka hesabu zikaguliwe. Msimu ukaingia, kahawa ikalazwa chini ya maturubai, na magunia kadhaa ya wanachama yakapata ukungu. Katika Mkutano Mkuu mzee mmoja aliuliza swali ambalo lilinyamazisha watu: kosa hili ni la ulimi au ni la moyo? Karani alijibu kwamba ni la ulimi. Mimi namsadiki. Wako wasiomsadiki mpaka leo, na sitawagombeza, maana magunia yalikuwa yao.

Kamati ikaamua kwamba kuanzia hapo wanaoandika taarifa wajifunze barabara. Nami nikaombwa, kwa kuwa nilipata kuisoma lugha hiyo ujanani, niwasaidie mara mbili kwa juma.

Nieleze sasa lile kosa lenyewe, maana ni dogo kama punje. Mdachi akitaka kusema kwamba paa linaezekwa, husema: Das Dach wird gedeckt. Akitaka kusema limeezekwa, kazi imekwisha, husema: Das Dach ist gedeckt. Tofauti ni neno moja, wird na ist. Kwetu tofauti ni silabi moja, -na- na -me-. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba Kidachi ni lugha ya hila. Mwanachama anayesikia mwenyekiti wa chama chake cha msingi akisema "mizani imenunuliwa", kumbe bado inanunuliwa, amepatwa na jambo lile lile kwa Kiswahili safi.

Na yako maneno ambayo yamewachekesha makarani. Mdachi akiuliza habari za kazi huuliza Stand der Arbeiten, yaani mahali kazi iliposimama. Kijana mmoja akaniambia, "Mwalimu, kwetu kazi ikisimama ni kazi iliyokwama." Kweli. Kwao kazi husimama ili ipimwe, kama mtoto anavyosimamishwa ukutani apimwe urefu. Lakini neno lao la maendeleo, Fortschritt, ni ndugu kabisa wa letu: fort ni mbele, Schritt ni hatua. Ukichelewa, wewe uko katika Rückstand, umesimama nyuma. Na taarifa yenyewe ni Bericht, neno linalotokana na tendo ambalo zamani lilikuwa na maana ya kunyosha jambo na kuliweka sawa. Neno ambalo nawafundisha kwanza, kabla ya yote hayo, ni noch nicht. Maana yake ni bado. Das Dach ist noch nicht gedeckt: paa bado halijaezekwa. Anayeweza kusema sentensi hiyo bila kuona haya amekwisha kujifunza nusu ya Kidachi cha taarifa.

Hayo ni ya sasa. Ya kale ni haya.

Serikali ya Udachi ilianza kutawala pwani hii moja kwa moja Januari 1891, ikipokea kutoka kwa kampuni iliyotangulia. Mtu angedhani kwamba toka siku hiyo watu wetu walilazimika kujifunza Kidachi, kama walivyojifunza Kiingereza baadaye. Haikuwa hivyo. Aliyelazimika kujifunza lugha ya mwenzake alikuwa Mdachi. Alikuta nchi ambayo barua za biashara na za shauri zimekwisha kuandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na maakida na majumbe walioijua kazi hiyo. Mjini Berlin kilikuwapo chuo cha lugha za mashariki kilichofunguliwa mwaka 1887, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zake. Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali huku kwetu kabla ya kufundisha huko, alitoa mwaka 1901 kitabu cha kuwafundisha Wadachi kuusoma mwandiko huo wa Waswahili. Kwa nini? Kwa sababu taarifa za maakida zilikuwa katika mwandiko huo, na bwana asiyeweza kuisoma taarifa alikuwa mikononi mwa karani wake.

Katika chuo hicho alifundisha pia Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900. Yeye ndiye mwandishi mkubwa wa maandiko ambayo Velten aliyatoa mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Wanafunzi wake walikuwa vijana waliojiandaa kuja kutawala huku, na baadhi yao hawakupenda kufundishwa na mtu mweusi. Aliiacha kazi hiyo mwaka 1905. Alipojaribu mwaka huo kurudi nyumbani pamoja na mkewe, ambaye alikuwa Mdachi, alizuiwa kushuka naye. Alirudi Ujerumani akafia huko Berlin mwaka 1927.

Huku nyumbani serikali ilifungua shule yake Tanga katika miaka ya mwanzo ya 1890, na neno shule lenyewe ni lao, Schule. Masomo yalifundishwa kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi, Kidachi kikiwa somo la waliopanda juu. Katika shule hiyo ndimo lilimochapwa gazeti la Kiongozi, lililoanza mwaka 1904 na kudumu mpaka 1916. Wako Wadachi waliosema waziwazi kwamba haifai mwenyeji ajue sana lugha yao, asije akasoma na kusikia yasiyomhusu. Kwa hiyo walichokipata watu wetu wengi ni vipande tu: askari walipata amri za gwaride, na makarani walipata maneno ya ofisini. Mwaka 1904 zikaanza kutolewa fedha mpya, hela 100 kwa rupia moja, na hapo kila mtu akapata neno moja la Kidachi ambalo hata leo halijatutoka mdomoni wala mfukoni, ingawa mfukoni hutoka upesi.

Sasa itazame njia ya taarifa katika siku hizo. Jumbe alimweleza akida kwa mdomo. Akida alimwandikia Bwana Shauri kwa Kiswahili. Bwana Shauri aliandika kwa Kidachi kwenda kwa Gavana, Dar es Salaam, na ya Gavana yalikwenda Berlin. Katika kila kituo alikuwapo mtu aliyekuwa na haja ya kumpendeza aliye juu yake. Na mahali pale pale taarifa ilipovuka kutoka Kiswahili kuingia Kidachi, hapakuwa na mwenyeji aliyeweza kuifuata na kuuliza: je, ndivyo tulivyosema?

Mahali ambapo kazi ilipimwa kwa kilometa, njia hiyo haikudhuru sana. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na hata mwaka 1896 ilikuwa imefika Muheza tu, yapata kilometa 40. Hakuna sentensi ya Kidachi ambayo ingeweza kuifikisha Korogwe. Kampuni iliyoijenga iliishiwa fedha, serikali ikaichukua mwaka 1899, na Korogwe ikafikiwa mwaka 1902, Moshi mwaka 1911. Hali kadhalika mkonge. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Ningependa makarani wetu wote waijue hesabu hiyo. Aliyeagiza elfu moja akapokea sitini na mbili angeweza kuandika kwamba miche imewasili salama, na asiwe amesema uongo mtupu. Lakini 62 iliandikwa kuwa 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na mashamba makubwa ya mkonge wa nchi hii yalitokana na hiyo.

Pamba ilikuwa jambo jingine. Mwaka 1902 serikali ya Gavana Götzen ilianzisha mpango wa mashamba ya pamba ya vijiji, kwanza katika wilaya ya Dar es Salaam, kisha ukaenea kusini. Kila jumbe alime shamba, na watu wake walilime. Kwenye karatasi mpango ulitaka siku 28 za kazi kwa mwaka, na mapato yagawanywe kati ya wakulima, jumbe na mfuko wa wilaya. Kwa karatasi ni ushirika! Nimepata kumsikia mtu akisema hivyo, nami nikamwuliza ni nani aliyewaita wakulima hao wapige kura. Siku hazikuwa 28. Zilianguka katika majira yale yale ambayo mtu hupaswa kuwa shambani kwake, na malipo ya kwanza yalikuwa madogo hata wengine wakakataa kuyapokea.

Mtu akikataa malipo yake, hiyo ni taarifa, tena ni taarifa iliyo wazi kuliko zote. Haina haja ya kutafsiriwa. Lakini taarifa za mpango zilikuwa na safu za ukubwa wa mashamba na uzito wa pamba. Safu ya kuandika kwamba mkulima ameiacha fedha mezani akaenda zake haikuwamo. Ikawa kazi inaendelea, na mwaka uliofuata pia inaendelea. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waliingia katika shamba la pamba wakaing'oa. Hivyo ndivyo vilivyoanza vita vya Maji Maji, vilivyodumu mpaka 1907. Hesabu za Wadachi wenyewe zilitaja watu 75,000 waliokufa, na wako wanahistoria wanaofikisha 300,000, wengi wao kwa njaa, kwa kuwa vyakula na mashamba vilichomwa. Sisemi kwamba vita vililetwa na taarifa mbovu. Vililetwa na kulazimishwa, na kodi, na viboko. Nasema kwamba miaka mitatu ilipita ambayo ndani yake mtu mmoja mwenye madaraka angeweza kuandika noch nicht, wakulima bado hawajaukubali mpango huu, na njia ile ya ngazi nne haikulipitisha neno hilo.

Baada ya vita alikuja Gavana Rechenberg, aliyekijua Kiswahili vema kwa kuwa alipata kukaa Unguja. Yeye angalau aliweza kusikia bila mkalimani, na mwelekeo wake ulikuwa kumwacha mwenyeji alime kwa faida yake mwenyewe. Walowezi hawakumpenda. Huko Usambara, katika wakati wake, ndiko kulikoanzishwa mwaka 1907 kadi za kazi, kipande, ambazo zilimtaka mtu afanye siku 30 kwa mlowezi katika kila miezi minne. Kila siku aliyofanya ilitiwa alama. Kipande nacho kilikuwa taarifa ya maendeleo ya kazi, na aliyekichukua mkononi ndiye aliyekitolea jasho. Lakini kalamu ya kutia alama ilikuwa ya msimamizi.

Baada ya yote haya mwanachama atauliza: kama ndivyo, wenzetu wa Ujerumani wametoa wapi ushirika wanaotusaidia nao? Hapa yanipasa kurudi nyuma kidogo, na kuvuka bahari.

Katika nchi ya Udachi yenyewe mkulima mdogo alikuwa mnyonge. Mwaka wa njaa wa 1846 na 1847, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyekuwa mkuu wa tarafa ya Weyerbusch, alikusanya fedha za wenye nafasi ili watu wapate mkate. Baadaye aliona kwamba sadaka haimtoi mtu katika deni la mkopeshaji, na mwaka 1864 huko Heddesdorf akaanzisha chama cha kukopeshana ambacho wanachama wenyewe walidhaminiana kwa mali yao yote. Viongozi walifanya kazi bila mshahara; aliyeweza kulipwa ni mshika hesabu tu. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameweka shamba lake rehani kwa ajili ya mwenzake, kila mmoja alitaka kuambiwa kweli. Kuna neno la Kidachi kwa taarifa ya namna hii, nalo si Bericht. Ni Rechenschaft, lenye mzizi wa kuhesabu: kutoa hesabu mbele ya watu wenye haki ya kukudai.

Raiffeisen alifariki mwaka 1888. Tarehe 1 Mei 1889 Udachi ilitoa sheria ya vyama vya ushirika, na ndani yake ikaamriwa kwamba kila chama kikaguliwe hesabu zake angalau mara moja katika kila miaka miwili, na mkaguzi asiyekuwa mtu wa chama hicho. Tarehe 8 Mei 1889, juma moja baadaye, majeshi ya Hermann Wissmann yaliivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo huo. Nimezitazama tarehe hizo mbili mara nyingi. Dola moja, lugha moja, mwezi mmoja: mkulima wa Heddesdorf amepewa haki ya kusomewa hesabu, na mkulima wa Bagamoyo anapigiwa mizinga.

Sheria ile ilitufikia hata hivyo, ila kwa njia ndefu. Mwingereza mmoja wa Madras, Frederick Nicholson, alitumwa kuchungua vyama vya Ulaya, na shauri lake katika miaka ya 1890 lilikuwa kwamba India imtafute Raiffeisen wake. Sheria ya ushirika ya India ikatoka mwaka 1904, nayo ikawa mfano kwa makoloni mengine ya Waingereza. Tanganyika ilipata yake mwaka 1932. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, waliokuwa na chama chao tangu 1925, waliandikisha Chama Kikuu chao, K.N.C.U., mwaka 1933. Kwa hiyo mkaguzi anapokuja ofisini kwetu na mkoba wake, na watunza hazina wanapoanza kutafuta stakabadhi zilizopotea, wajue kwamba anatoka Heddesdorf, amepitia Madras.

Nimewaeleza makarani mambo haya jioni kwa jioni, kila neno jipya likituletea habari yake. Kamati imekubali pia pendekezo lao moja, ambalo sikulifikiri mimi: taarifa ya kila robo mwaka iandikwe kwanza kwa Kiswahili, ibandikwe ubaoni katika kila chama cha msingi kwa siku saba, na mwanachama yeyote aweze kuipinga, ndipo itafsiriwe. Taarifa ya kwanza ya namna hiyo ilibandikwa mwezi uliopita. Ilisema kwamba jamvi limemwagwa, milango imefungwa, na paa limeezekwa upande wa mashariki. Siku ya tatu mwanachama mmoja alikwenda ghalani na ngazi yake, akarudi akaandika kwa kalamu ya risasi pembeni mwa karatasi kwamba upande huo huo wa mashariki mabati manne bado hayajapigiliwa misumari.

Yule karani wa mwaka juzi ndiye aliyeitafsiri. Barua iliyokwenda Ujerumani ina mabati manne ndani yake, na mbele yake maneno noch nicht.